Tiba Haishii Mlangoni mwa Wodi

Mazungumzo kwa wananchi kuhusu huduma za utengamao katika jamii baada ya kiharusi

Tunajua kwamba baadhi yenu mmemwacha mtu nyumbani, mkamwomba jirani amwangalie, na kwamba saa moja mliyotupa ina gharama yake. Tutajitahidi isipotee bure.

Watu wengi wakisikia neno mlaji hufikiria sukari iliyopunjwa kwenye mizani, simu bandia, au bati jembamba lililouzwa kwa bei ya bati nene. Hayo kweli ni mambo yetu. Lakini mlaji ni kila anayenunua bidhaa au kutumia huduma, na ni vigumu kumpata mlaji dhaifu kuliko mtu ambaye jana alikuwa akitembea na leo upande mmoja wa mwili wake haumtii. Huyo hawezi kuzunguka akilinganisha bei na ubora. Mara nyingi hata jina la huduma anayoihitaji halijui, na kitu usichokijua jina ni vigumu kukidai.

Huduma hiyo wataalamu wanaiita utengamao. Ni msaada wa kitaalamu unaomwezesha mtu aliyeumia ubongo, uti wa mgongo au mishipa ya fahamu kurudishiwa uwezo alioupoteza, au kujifunza njia nyingine ya kufanya yale asiyoweza tena kuyafanya kama zamani, ili arudi katika nafasi yake nyumbani, kazini na kwa jirani zake. Anauhitaji mwenye kiharusi, aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka mnazini, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mzee anayetetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Leo tutatumia kiharusi kuwa mfano wetu, kwa kuwa ndicho kinachobisha hodi katika nyumba nyingi.

Nyumba moja, maswali mengi

Tufikirie nyumba moja. Si ya mtu fulani, ila inafanana na nyingi. Baba mwenye miaka hamsini na minane, fundi cherehani, ameanguka alfajiri akienda kuoga. Amelazwa siku tisa; shinikizo la damu limeshushwa, uhai umeokolewa, na familia imemshukuru Mungu na wauguzi. Siku ya kumi anaruhusiwa. Mkewe anapewa karatasi ya ruhusa, dawa za mwezi mmoja, na maneno mawili yaliyosemwa upesi koridoni: "Mfanyisheni mazoezi."

Mazoezi gani? Mara ngapi kwa siku? Nani atayatazama aone kama ni sahihi? Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeeleza. Wiki ya tatu jirani mwema analeta mafuta ya kuchua. Mwezi wa pili shemeji anapata habari za mtu wa mbali anayeahidi kumsimamisha mgonjwa kwa siku saba. Mbuzi wawili wanauzwa, na siku saba zinapita. Mwezi wa nne mkono wa kulia umejikunja kifuani, bega linauma usiku kucha, na juu ya makalio kuna kidonda. Cherehani imefunikwa shuka.

Katika mlolongo huo hatumwoni mtu mbaya. Hospitali ilimwokoa, mke hakulala, jirani na shemeji walitenda kwa huruma. Kilichokosekana ni huduma iliyopaswa kumpokea mgonjwa pale wodi ilipomwachia. Miezi minne iliyopotea ndiyo miezi ambayo mwili wake ungefaidika kuliko wakati mwingine wowote.

Watafiti walifanya kazi kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam, wakihesabu viharusi vya mara ya kwanza katika jamii na siyo hospitalini peke yake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuta takribani viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na takribani 316 Dar es Salaam. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi kile kinachoonekana katika tafiti nyingi za nchi tajiri. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya utengamao hatuzungumzii bahati mbaya ya wachache.

Kwa nini mapema, na kwa nini mara kwa mara

Kiharusi hutokea pale damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Sehemu iliyokufa haifufuki. Hata hivyo sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba baadhi ya kazi zilizoachwa, nazo hujifunza kama mtoto anavyojifunza kuandika: kwa kurudia, tena kwa kurudia jambo lenye maana. Kunyanyua kikombe ili unywe chai kunaufundisha ubongo zaidi ya kutikiswa mkono na mtu mwingine huku wewe ukitazama dari.

Mwendo wa kupata nafuu huwa wa kasi zaidi katika majuma na miezi ya mwanzo. Baadaye hupungua kasi, lakini mlango haufungwi. Anayemwambia mgonjwa wa mwaka mmoja kwamba muda wake umekwisha anamkosea, sawa na anayemwambia wa juma la pili asubiri kwanza apate nguvu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Ndivyo unavyorudi uwezo wa kukaa, kusimama, kujifunga vifungo vya shati na kulitamka jina la mjukuu.

Kazi hii ina wataalamu wa aina kadhaa. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia misuli, viungo, mizani ya mwili na kutembea. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humsaidia mgonjwa kurudia kazi za kila siku kama kuoga, kuvaa, kupika na kushona, na huitazama nyumba yenyewe ili irekebishwe. Mtaalamu wa usemi na lugha hushughulikia maneno na pia kumeza. Afisa ustawi wa jamii na mshauri wa saikolojia hutazama moyo na maisha ya familia. Si lazima kila mgonjwa awaone wote. Lililo muhimu ni kwamba awepo mtu wa kuamua nani anahitajika, na amweleze mgonjwa sababu.

Haki nne na umbali wa nauli 64

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliambia Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki nne: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Ndiyo maana dunia huadhimisha Siku ya Haki za Mlaji kila tarehe 15 Machi. Haki hizo ziliongezwa baadaye, lakini hizo nne zinatosha kuwa dira ya mazungumzo yetu. Tuanze na ya kuchagua, maana ndiyo inayokwama mapema.

Nchi yetu ina vituo vinavyoheshimika. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutoa huduma na pia hufundisha wataalamu wa fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Jijini Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayotibu pia ubongo na mishipa ya fahamu, na ipo CCBRT. Wataalamu wamo pia katika hospitali za rufaa za mikoa. Lakini tukishuka ngazi kwa ngazi, kutoka hospitali ya rufaa hadi ya wilaya, kituo cha afya na zahanati, wataalamu hao wanazidi kuwa wachache, wakati wagonjwa wanaishi huku chini kwenye zahanati.

Tupige hesabu. Mtaalamu ameagiza mgonjwa ahudhurie mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Hizo ni safari 16. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo ni watu wawili. Kwenda na kurudi, hizo ni nauli 64. Na kwa kuwa hawezi kuning'inia kwenye daladala iliyojaa, itabidi bajaji ikodiwe. Msindikizaji naye amepoteza siku 16 za biashara au za shamba. Ada ya kliniki inaweza kuwa ndogo, na huduma bado ikawa ghali kupita uwezo wa familia. Haki ya kuchagua ina maana gani kwa mtu ambaye kitu pekee cha kuchagua kiko kilomita tisini?

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la utengamao katika jamii. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilihimiza ujuzi huu utolewe hospitalini upelekwe walipo watu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 26 kwamba huduma za utengamao zianze mapema kadiri inavyowezekana na zipatikane karibu kadiri inavyowezekana na jamii ya mhusika, hata vijijini. Mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo anayeomba huduma hii isogezwe karibu haombi hisani.

Jamii maana yake si familia kuachiwa mzigo

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Yapo maneno mazuri yanayoweza kutumika vibaya. Mtu anaweza kusema "huduma katika jamii" akimaanisha kwamba mke, binti au mkwe afanye kazi ya mtaalamu, bila mtaalamu kuonekana tena.

Nchini India jambo hili lilipimwa kwa haki. Wagonjwa 1,250 wa kiharusi kutoka hospitali 14 waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipata huduma ya kawaida. Katika kundi moja mtu wa familia alifundishwa pia kuendesha mazoezi nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, watu 47 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki au wanategemea wengine kwa mambo ya kila siku, na kiwango kilikuwa hicho hicho katika makundi yote mawili.

Tusiyasome matokeo hayo kana kwamba juhudi za familia hazina thamani. Chakula, usafi, dawa kwa wakati, kumgeuza mgonjwa na kumtia moyo ni kazi zinazookoa maisha. Sisi tunachojifunza ni kwamba kumfundisha mlezi kisha kumwacha si mbadala wa huduma. Utengamao wa kweli katika jamii una mtaalamu anayempima mgonjwa na kuweka malengo, mhudumu wa karibu anayefuatilia, familia inayosaidia, na njia ya kurudi kwa mtaalamu mambo yanapokwama. Ukiondoa mmoja, wengine wanaelemewa.

Taarifa: maswali ya kuuliza kabla ya kutoka wodini

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa siku za homa kali methali hiyo ina busara. Katika utengamao mgonjwa lazima aulizwe, kwa sababu lengo ni lake. Mmoja anataka kurudi cherehani, mwingine anataka kwenda msikitini au kanisani kwa miguu yake, mwingine anataka tu aende chooni bila kubebwa. Lengo lisiloulizwa huwa zoezi la mtu mwingine.

Tunawashauri, kabla ya kusaini karatasi ya ruhusa, mwombe dakika kumi za daktari, muuguzi au mtaalamu wa mazoezi, mkiwa na daftari, na mwulize maswali haya.

La kwanza: mgonjwa amepimwa na mtaalamu wa utengamao, na uwezo wake wa kumeza umeangaliwa? Kama hapana, atapimwa lini na wapi?

La pili: lengo letu la mwezi wa kwanza ni lipi?

La tatu: mazoezi ni yapi, mara ngapi kwa siku, na yapi tusiyafanye? Ombeni mwonyeshwe kwa vitendo, kisha mfanye ninyi huku mtaalamu akiwatazama.

La nne: kituo cha karibu na kwetu kinachotoa huduma hii ni kipi, na barua ya rufaa iko wapi?

La tano: dawa gani ni za kudumu? Wengi huacha dawa ya shinikizo la damu wakijisikia nafuu, na kiharusi cha pili huwakuta hapo.

La sita: gharama ni kiasi gani kwa kila hudhurio, na bima yetu inalipia mahudhurio mangapi?

La saba: tukiona tatizo, tumpigie nani?

Mnayo haki ya kujibiwa kwa lugha mnayoielewa. Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea daktari adabu.

Usalama nyumbani

Mambo machache yanafaa kujulikana na kila nyumba yenye mgonjwa, hata kabla mtaalamu hajafika.

Msimnyanyue mgonjwa kwa kuuvuta mkono uliolegea. Bega lililokosa nguvu ya misuli hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hukaa miezi. Mshikeni kiunoni au kwenye mkanda, na mkono dhaifu uegemezwe juu ya mto anapokaa.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ya makalio, nyonga na visigino itazamwe kila siku. Wekundu au weusi usioondoka ni mwanzo wa kidonda.

Msimlishe akiwa amelala. Akae wima, ale kidogo kidogo, na abaki wima kwa muda baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama yenye maji, acheni kumlisha na mtafute msaada wa kitaalamu, kwa kuwa chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Upande uliopooza huenda hauhisi joto. Maji ya moto, chupa ya moto au mafuta yaliyochemshwa yanaweza kuunguza ngozi bila mgonjwa kupiga kelele.

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Semeni naye kwa sentensi fupi, swali moja kwa wakati, mkimpa nafasi ya kujibu kwa ishara, picha au kutikisa kichwa. Msimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo.

Na tazameni moyo wake. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Anayekataa mazoezi na kugeukia ukutani huenda si mkaidi. Huenda ni mgonjwa kwa namna nyingine inayotibika. Mlezi naye anachoka. Pangeni zamu ndani ya ukoo, ili mtu mmoja asizikwe kazini akiwa hai.

Uso ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukianguka, au maneno yakivurugika kwa mara nyingine, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Usalama sokoni

Mfa maji haachi kutapatapa, na wapo wanaoyajua vizuri maji hayo. Kadiri huduma halali inavyokuwa mbali, ndivyo ahadi za karibu zinavyopata wateja. Mtakutana na tangazo la mkanda wa umeme unaofufua mishipa, dawa ya unga inayozibua ubongo, au mtu anayetaka malipo yote ya miezi sita mbele.

Tunawapa alama za tahadhari. Mwuzaji anayeahidi kupona kabisa kwa siku anazozihesabu hajamwona mgonjwa wenu. Anayewataka mwache dawa za hospitali anahatarisha uhai. Anayekataa kutoa risiti anaficha kitu. Anayetumia nguvu hadi mgonjwa alie, akisema maumivu ndiyo tiba, anaweza kuchana misuli na kuharibu bega.

Mtoa huduma yeyote, wa serikali au binafsi, ana wajibu wa kuonyesha kwamba amesajiliwa na baraza la taaluma yake; ombeni kuona cheti. Waganga wa tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na inafaa kuuliza huko kabla ya kununua mashine ya gharama. Mara nyingi mtaalamu ataelekeza kifaa cha bei nafuu: fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza reli mbili za mbao au mianzi za kujifunzia kutembea, kiti cha chooni, au mshikio wa mlangoni. Kiti mwendo kipimwe kulingana na mwili wa mtumiaji, kwa sababu kiti kikubwa mno huleta kidonda na kuupinda mgongo.

Kusikilizwa: pesa, malalamiko na bajeti

Kuhusu malipo, ulizeni mapema. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera, na afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuonwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua njia mpya. Kila anayejiunga na mfuko wowote aulize kwa maandishi kama kitita chake kina fiziotherapia, tiba kwa vitendo na vifaa saidizi, na mara ngapi kwa mwaka. Jibu la mdomo halisaidii siku ya madai. Mkopo wa halmashauri unaotengwa kutoka mapato ya ndani una asilimia 2 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, nao unaweza kumrejesha mtu kwenye kazi yake mikono ikishapata nafuu.

Mkikosewa, andikeni tarehe, mahali, jina la aliyewahudumia na fedha mliyolipa, na mtunze risiti. Anzeni kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Msiporidhika, nendeni kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha baraza la taaluma husika. Malalamiko ya bima yapelekwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaobandikwa ukutani uliwekwa usomwe. Usomeni, na mkiona kituo kimeahidi jambo kisilolitenda, kikumbusheni kwa adabu.

Hata hivyo malalamiko ya mtu mmoja huishia kwa mtu mmoja. Huduma husogezwa karibu pale inapoingia kwenye mpango na bajeti. Kamati ya kituo chenu cha afya ina wawakilishi wa wananchi, wapelekeeni hoja. Katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, ulizeni mambo matatu: wagonjwa wangapi hapa kwetu wamepooza au wameumia uti wa mgongo; lini mtaalamu kutoka wilayani atakuja kwenye zahanati yetu kwa siku maalumu ya kliniki; na nani atawafuatilia kati ya kliniki moja na nyingine. Siku moja kwa mwezi, mtaalamu mmoja akija zahanati na wagonjwa kumi wakimngoja, huokoa safari kumi za kwenda mjini.

Nafasi ipo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000. Hawa wataingia nyumba tunazozizungumzia. Wakifundishwa kumgeuza mgonjwa, kutambua hatari ya kumeza, kukagua dawa za shinikizo la damu, kuona dalili za sonona na kuandika rufaa, mke wa yule fundi cherehani atakuwa na mtu wa kumuuliza katika wiki ya tatu. Hilo halitatokea lenyewe. Litatokea wananchi wakiliuliza, na sisi tuliopewa kazi ya kumtetea mlaji tukilibeba kwenye meza zinazohusika. Nasi tunaahidi kulibeba.

Kabla hatujaagana, turudi kwenye ile nyumba. Mtaalamu akifika hata mwezi wa nne, kazi bado ipo: kidonda kitibiwe, bega litulizwe, vidole vinyooshwe polepole, na mgonjwa aulizwe anataka nini. Huenda atasema anataka kushona. Mtaalamu atamweka mbele ya cherehani, mkono wa kushoto ukiongoza kitambaa na ule wa kulia ukijifunza kukishikilia tu. Mshono wa kwanza utapinda. Mkewe, aliyeondoa shuka juu ya cherehani asubuhi hiyo, atauweka mshono huo.

Mkirudi nyumbani leo, mwulizeni mgonjwa wenu anataka kufanya nini tena. Kisha mwandike jibu lake juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na mlipeleke kituoni.